Grisi Mbichi

"Mzee, kibao unakiona au nikusomee? Usiguse!"

"Nimekiona. Kinasema makombora haya yamekufa miaka thelathini iliyopita. Mbona yanatoka jasho?"

"Hayatoki jasho. Toa mkono!"

"Nautoa. Na hii kidoleni ni nini?"

Grisi. Mbichi kabisa.

Watalii wakacheka. Mtembeza wageni wa makumbusho, mwanamke wa makamo mwenye sare ya buluu, akamkata jicho.

"Kila wiki sikosi mmoja," aliwaambia wengine. "Mzee aliyepigana, anakuja kunifundisha kazi."

Wakacheka tena. Mzee naye akacheka. Makao Makuu walimwita Pensheni, kwa sababu alikwisha kustaafu mara mbili na bado walimtuma.

Safari hii hakuhitaji uongo mwingi. Miaka thelathini iliyopita aliingia nchi hii na bunduki, katika jeshi lililokuja kuiteketeza. Leo aliingia na kofia ya jua, kamera ya Nikon na tiketi ya basi la utalii. Nani atamshuku mzee aliyerudi kutazama alikoachia vidole viwili vya mguu?

Kifaa cha kusikilizia kikakwaruza ndani ya sikio la kushoto.

"Pensheni. Unaona nini?"

Akajifanya anapenga kamasi. "Manne," alinong'ona ndani ya leso. "Yote hai. Betri zipo."

"Safi. Gari linakuja kuyachukua saa sita. Tutalifuata hadi kwa mnunuzi."

"Mkuu, yanakwenda kudungua ndege ya wakimbizi wanaorudi."

"Tunajua."

"Watu tisini."

"Ndege si yetu. Mnunuzi ndiye wetu. Usiguse kitu."

Saa tano na dakika arobaini na tisa.

Watalii wakatoka kwenda kunywa soda. Mtembeza wageni akafunga mlango kwa ndani, akageuka.

"Wewe si mtalii."

"Nimekosea wapi?"

"Watalii hutazama silaha mdomoni. Wewe ulianzia nyuma."

Karibu miaka thelathini ya ujasusi, na alikuwa hajawahi kunaswa kirahisi hivyo.

"Kila asubuhi nayafuta grisi isionekane," alisema mwanamke. "Amri ya mkurugenzi. Leo sikufuta. Nilitaka mtu aone, yeyote yule."

"Polisi je?"

"Polisi ndio walioyaleta." Aliyasema hayo kama anayetaja hali ya hewa. "Nimewasikia wakiitaja ndege ya wakimbizi. Mama yangu anarudi nayo. Tulipotezana barabarani siku mlipoingia. Nilikuwa na miaka tisa."

"Tulipoingia?"

"Wa upande wetu hawaji hapa kutazama vita, mzee. Walivyoviona vimewatosha."

Mzee akaivuka kamba iliyozungushiwa makombora.

"Pensheni? Unafanya nini? Pensheni!"

Akakichomoa kile kifaa sikioni, akakitupa kwenye pipa la taka.

Kombora la aina hii haliamki bila betri yake, kikopo kinachokaa chini ya mdomo. Na betri hiyo huwashwa mara moja tu. Ikizimika, imekufa.

Akawasha ya kwanza. Fsss. Ikachemka, ikanyamaza.

Ya pili.

Ya tatu.

Mlango ukapigwa teke, komeo likaruka. Mlinzi. Bastola mkononi.

"Weka chini!"

Pensheni akamchapa kwa stendi ya kamera yake kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikateleza sakafuni hadi miguuni mwa mtembeza wageni. Akaiokota, akaishika kama mtu anayeshika panya mfu.

"Kaa chini, we," alimwambia mlinzi. "Na unyamaze."

Mlinzi akakaa.

Ya nne. Fsss.

"Kwisha," alisema Pensheni.

"Bado. Yalikuja sita. Nilidhani mnajua."

"Mengine yako wapi?"

"Yaliondoka jana. Hakuna anayeniambia kitu mimi."

Sita kasoro dakika tatu.

"Ndege imeruka?"

"Wanapanda sasa hivi. Mama alinipigia yuko kwenye foleni."

"Mwambie asipande."

"Na wale wengine themanini na tisa?"

Pensheni akatoa simu.

"Wakisikia kuna bomu ndani, haitaruka," alisema. "Lakini wakubwa wa nchi hii wametafuta sababu mwaka mzima ya kuifuta safari hii. Nikiwapa hiyo, hakuna ndege nyingine. Si leo wala mwaka huu."

"Mama ana miaka themanini na moja."

Hakumwambia pole. Pole yake ilikuwa imechelewa miaka thelathini.

Mwanamke akatazama dari, kisha saa. Akamtajia namba ya simu ya uwanja wa ndege, halafu namba ya ndege, tarakimu moja moja.

Simu ikapokelewa upesi.

"Sikiliza, sirudii. Kuna bomu kwenye ndege ya wakimbizi. Teremsheni watu wote."

Akakata.

Wakasubiri. Dakika nne. Simu ya mwanamke ikalia.

"Nipo, Mama... Najua. Shuka tu, fuata wanavyosema... Hapana, Mama, usilie. Sikiliza. Hairudi tena ndege. Rudi kambini, ukae pale pale ulipo. Nitakuja mimi."

Mzee akamtazama. "Ukishaingia kule, hawatakuruhusu kutoka."

"Nimekuuliza?"

Mwanamke akatoa risasi kwenye bastola, akazitia mfukoni. Akavua beji. Akamsukumia mlinzi kwenye stoo ya mafagio, akazungusha ufunguo, akatoka kwa mlango wa nyuma akielekea njia ya mpakani, mkoba begani, bila hata kuchukua koti.

Pensheni akatoka kwa mbele. Gari jeupe lilikuwa linarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi.

"Mzee!" dereva aliita. "Makumbusho yamefungwa?"

"Yamefungwa," alisema, akaweka kofia sawa, akavuka barabara.