Nyayo Kwenye Tope Bichi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kiota cha ndege kitwitwi kilikutwa kitupu. Mayai mawili, ya mwisho katika bwawa lile la jangwani, hayakuwapo. Nyayo za kandambili zilitoka bandani kwa mlinzi hadi kiotani na kurudi, moja kwa moja, juu ya tope bichi.

Saa moja kamili mlinzi alikuwa na pingu mikononi.

"Ana watoto watano, afande!" Mkewe alipiga magoti mchangani. "Ukimchukua, tumekwisha."

"Kandambili si zake?" askari aliuliza.

"Ni zake. Huziacha mlangoni, nje."

Wageni walikuwa wawili tu. Mpiga picha alisimama kando, amekumbatia chupa yake ya chai yenye mdomo mpana. Mwingine alikuwa bibi aliyekuja na darubini kutazama ndege.

"Mwanangu, nigawie chai kidogo kama jana," bibi alimwomba.

"Imeisha, bibi."

Bibi akamgeukia mlinzi. "Jana ulinionyesha kiota. Tulipita wapi?"

"Majini, bibi. Ukanilaumu kwa kukulowesha sketi."

"Kwa nini si topeni?"

"Mbweha hufuata nyayo za mtu. Miaka kumi na moja sijalikanyaga tope lile."

"Umesikia, afande? Leo ndiyo awachoree mbweha njia?"

Askari alijikuna kichwa. "Basi nani?"

"Mayai yanataka joto. Huyu mpiga picha jana alimgawia chai kila mtu, hata dereva aliyetuleta na kuondoka. Leo imeisha, lakini chupa hajaiweka chini hata mara moja."

Chupa ilifunguliwa. Ndani mlikuwa na soksi ya sufu, na ndani ya soksi mayai mawili, bado yana joto.

Mpiga picha aliketi chini kama gunia. "Miaka mitatu nakuja hapa, nakuta maganda tu, mbweha wamekwisha kula. Nilitaka yaanguliwe kwangu, angalau moja. Kandambili nilizikuta tu mlangoni, sikutaka mtu afungwe."

"Lakini alipofungwa ulinyamaza," bibi alisema taratibu.

Pingu zilifunguliwa. Mlinzi hakumtukana mtu.

"Nipeni tawi," alisema.

Alipita majini, mayai yamo ndani ya kofia ya bibi. Akayarudisha kiotani, kisha akarudi kinyumenyume topeni, akifuta nyayo moja moja.

Bibi aliinua darubini. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Jua likawaka. Kitwitwi alizunguka, akalia, hakutua. Mke wa mlinzi alimshika bibi mkono, akaubana.

Saa tatu na dakika kumi, kitwitwi alikunja mbawa, akaketi juu ya mayai.