Wao Wapande Mwezini, Sisi Tupande Uwele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raheli aliteka maji korongoni na kuyabeba kichwani hadi nyumbani. Pampu ya kijiji chao, karibu na Haneti, ilikuwa imeharibika tangu mwaka uliopita. Kila alipoipita alitazama kando, kama mtu anayempita mgonjwa asiye na dawa ya kumpa.

Ijumaa moja pikipiki ilisimama mbele yake. Alikuwa Bupe, bibi shamba wa kata.

“Mbukwa, Raheli!” alisalimia kwa Kigogo chenye lafudhi ya Mbeya.

“Shikamoo, bibi shamba.”

“Marahaba. Mwambie mama mvua inakuja leo au kesho, ila asipande. Picha za setilaiti zinaonyesha kuwa mvua hii haina mwenzake. Nyuma yake ni jua kali. Asubiri mvua ya pili. Utamwambia?”

“Nitamwambia.”

Lakini neno lile, setilaiti, lilimkaa vibaya. Siku hiyo darasa la sita walikuwa na mdahalo mbele ya wazazi: je, serikali zitumie fedha nyingi kuchunguza anga za juu? Raheli alikuwa msemaji wa upande unaopinga. Akawaza, “Nikimwambia Mama sasa atawaambia majirani, nami nitaumbuka. Nitamwambia jioni.”

Obedi, msemaji wa upande unaounga mkono, ndiye aliyeanza. “Ndugu mwenyekiti, asiyetazama juu hajui mvua inatoka wapi!”

Raheli akasimama. “Ndugu mwenyekiti, Obedi anatazama juu mpaka anajikwaa!” Watu wakacheka. “Pampu yetu imekufa. Zahanati yetu haina taa. Fedha za roketi moja zingechimba visima vingapi? Wao wapande mwezini, sisi tupande uwele!”

Darasa zima likalipuka kwa makofi. Mama yake, Debora, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Obedi alingoja kelele zipungue. “Swali moja tu, Raheli. Hizo setilaiti hazijawahi kukusaidia hata siku moja?”

Raheli alimwona mama yake akitabasamu.

“Hata siku moja,” akajibu.

Upande wake ukashinda.

Mvua ilinyesha alasiri hiyo hiyo. Jioni Mama aliteremsha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya jiko. Msimu uliopita walikuwa wamevuna kidogo mno; zaidi ya mbegu zile hawakuwa na nyingine.

“Kesho tunapanda, msemaji wangu,” Mama alisema huku akicheka peke yake. “Wao wapande mwezini!”

Raheli aliendelea kumega ugali na kuuchovya kwenye mlenda. Ujumbe wa bibi shamba hakuutoa.

Kulipokucha walikwenda shambani. Mama alichimba mashimo kwa jembe, naye Raheli akafuata nyuma, akidondosha mbegu na kuzifukia kwa mguu. Walipomaliza kona ya kwanza, mkono wake ukakataa kuingia tena kwenye kibuyu.

“Nini tena? Umechoka mapema hivi?”

“Mama, tusipande.” Machozi yakamtoka. “Bibi shamba alinituma nikuambie. Mvua hii haina mwenzake, wameona kwa setilaiti. Nilificha ili nishinde.”

Mama aliweka jembe chini. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Raheli zaidi. Mama alikifunga kibuyu, akakiweka kichwani, wakarudi nyumbani.

Jua lilirudi, likawaka siku baada ya siku. Mbegu za ile kona zilichipua, zikanyauka. Raheli alipoziona alikwenda kwa Mwalimu Mazengo, mwalimu wa darasa lao, akaomba ruhusa ya kusema mbele ya wenzake. Akasema yote.

“Kumbe setilaiti ilipiga hodi kwenu, ukaiambia Mama hayupo!” Obedi alidakia. Darasa likacheka. Raheli akawaacha wacheke.

“Lakini pampu bado imekufa,” alisema kwa sauti ndogo. “Hilo halikuwa uongo.”

“Halikuwa uongo,” Mwalimu Mazengo alikubali, na kicheko kikazimika. “Watu wenye kiu wana haki ya kuuliza fedha zao zinakwenda juu kufanya nini. Obedi naye hakukosea: macho ya huko juu yameokoa mbegu za mama yako. Ipo siku ninyi ndio mtakaoamua kipi kitangulie, kisima au roketi. Mtaamuaje vizuri, ikiwa kila upande utaficha ukweli usioupenda?”

Mvua ya pili ilipoanza, Bupe alipita tena na kusema wakati umefika. Mara hii Raheli alikimbia kumwambia mama yake kabla pikipiki haijaondoka.

Walipanda shamba lote, na ile kona kavu pia. Mama aliinama juu ya shimo la mwisho, akasema taratibu, “Siku ile ulisema maneno mazuri, mwanangu, nami nilijivuna. Lakini sifa haioti hata ukiimwagia mvua. Ukweli, hata ukija umechelewa, bado tunaweza kuupanda.”