Kichekesho Kilichokatwa Mkia

Kila asubuhi, soko la Kimironko likianza kuchangamka, sauti ya Mukunde huwa imeshafika. Inatoka kwenye redio ndogo za wauza nyanya, mafundi cherehani na wauza vitenge. "Hamjambo wasikilizaji. Hizi hapa habari kwa ufupi." Mukunde akisema mvua itanyesha, watu wanafunika mali zao hata kama jua linawaka.

Jumamosi jioni Mukunde ana kazi nyingine. Anajifunga hijabu yake nyekundu, anapanda jukwaani katika ukumbi mdogo wa Remera, na anachekesha. Huwatania wanaume wanaofunga Ramadhani kwa kulala mchana kutwa. Hujitania na yeye mwenyewe, maana chapati zake zinajulikana mtaa mzima kwa ugumu. Watu hucheka mpaka kushika mbavu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kwenda kumwona. Ni shangazi yake, Bi Nyirahabimana, muuza vitenge wa Kimironko. Ndiye aliyemlea Mukunde, na mpaka leo wanaishi pamoja mtaa wa Kagugu.

"Redioni nenda, mwanangu," shangazi husema. "Ile kazi iko na heshima. Lakini mwanamke wa Kiislamu kusimama mbele ya watu akachekesha? Oya, hapana! Huko sikanyagi."

"Njoo siku moja tu, shangazi."

"Nitakuja siku kuku akiota meno."

Mukunde hucheka, lakini moyoni humuuma. Watu wote wanampigia makofi, isipokuwa yule ambaye makofi yake anayataka zaidi.

Jumamosi moja Mukunde alibuni kichekesho kipya. Alisimama wima, akakunja uso, akatoa ile sauti yake ya redioni. "Habari zilizotufikia hivi punde. Mwenye presha aache vidonge. Anywe chai ya tangawizi, asubuhi na jioni." Akanyamaza kidogo, kisha akamalizia: "Taarifa hii tumeletewa na muuza tangawizi, ambaye kwa sasa amelazwa hospitalini kwa presha."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa vicheko. Mukunde alirudi nyumbani na furaha tele.

Hakujua kwamba mtu mmoja alirekodi sauti kwa simu. Alikata ule mwisho, sijui kwa utundu au kwa haraka, akaituma kwenye makundi ya WhatsApp. Kutoka hapo iliruka simu kwa simu, mpaka ikafika Kimironko.

Siku zilizofuata, nyumba yao ilinuka tangawizi. Mukunde alidhani shangazi ana mafua. "Pole na mafua, shangazi," alisema, akachukua mkoba wake na kuwahi kazini.

Kisha ikaja asubuhi ya mapumziko. Shangazi alikuwa uani akikunja vitenge. Mara akashika kichwa. Akaketi chini, kitenge kikimwanguka mapajani.

"Shangazi! Una nini?"

"Kichwa kinapasuka, mwana wanjye, mwanangu. Na dunia inazunguka."

Mukunde alikimbia kwa jirani yao, Eustadia. Eustadia ni Mtanzania, muuguzi katika kituo cha afya. Alikuja mbio na kipimo chake cha presha.

"Shikamoo, mama. Nipe mkono wako." Alipima, akatulia, akapima tena. Uso wake ulibadilika. "Presha iko juu sana. Vidonge vyako umekunywa leo?"

"Niliacha."

"Uliacha? Nani alikwambia uache?"

Shangazi aliinua kidole polepole, akamwonyesha Mukunde. "Huyu hapa."

"Mimi?" Mukunde alishtuka.

Shangazi alitoa simu yake na kubonyeza. Sauti ya Mukunde ikasikika, nzito na ya heshima: "Mwenye presha aache vidonge. Anywe chai ya tangawizi, asubuhi na jioni." Ikaishia hapo.

Mukunde aliinyakua ile simu. "Shangazi, hiki ni kichekesho! Wamekikata! Mwisho wake haupo!"

"Mimi kichekesho nitakijulia wapi? Sauti ni yako. Ile ile ya redio. Nisipokuamini wewe, nimwamini nani?"

Machozi yalimtoka Mukunde.

"Utalia baadaye," Eustadia alisema. "Sasa tumpeleke kituoni."

Kituoni daktari alimhudumia shangazi na kumwanzishia tena vidonge. Alipopata nafuu, Eustadia aliketi kando ya kitanda.

"Mama, mbona hukuniuliza? Tunapakana ukuta."

"Nilijisikia mzima. Nikasema, vidonge vya nini tena?"

"Ulijisikia mzima kwa sababu ulikuwa unavinywa. Presha inaweza kupanda na usisikie chochote, mpaka ikuangushe. Chai ya tangawizi ni kinywaji kizuri, kunywa. Lakini haishiki nafasi ya dawa. Ukitaka kubadilisha dawa yako, njoo kwetu kwanza. Hata Ramadhani ikikaribia, njoo tupange saa za kunywa."

"Na haya mambo ya simu?"

"Ukiletewa habari ya dawa, uliza nani amesema, na je, maneno yamekamilika au yamekatwa? Kama hujui, usiifuate, na usimtumie mwenzako."

Shangazi aliinamisha kichwa. "Nimewatumia wenzangu wa soko."

Mukunde alisimama. "Basi naacha kuchekesha. Tangu leo, habari tu."

"Ukiacha, ile sauti itafutika kwenye simu za watu?" Eustadia aliuliza. "Imewafikia kwa sauti yako. Nenda kairekebishe kwa sauti hiyo hiyo."

Mukunde alikwenda kwa mkuu wake wa redio, Bwana Jean-Berchmans. Alimweleza yote bila kuficha. Mkuu hakufurahi.

"Sauti ya habari si ya kuchezea," alisema. "Watu wanaifuata hata wakiwa wamefumba macho."

"Najua sasa. Niruhusu niwaambie ukweli."

Kesho yake asubuhi Mukunde alisoma masahihisho. Kisha akamkaribisha Eustadia, naye akaeleza habari za presha kwa maneno mepesi. Wasikilizaji walipiga simu mfululizo. Naye shangazi, kutoka nyumbani, aliwatumia wenzake wa soko ujumbe wa sauti: "Mimi ndiye niliyeanguka. Rudini kwenye vidonge vyenu!" Muuza nyanya mmoja, aliyekuwa ameshaacha vyake, alikwenda kituoni siku hiyo hiyo.

Tangu hapo Mukunde ana desturi mpya. Sauti ya redioni haipandi jukwaani. Jukwaani ana sauti yake ya nyumbani, ile ya chapati ngumu.

Jumamosi iliyofuata alirudi Remera akiwa na hofu. Alipotazama mbele, moyo uliruka. Kwenye kiti cha kwanza kabisa alikaa Bi Nyirahabimana, ametulia, vidonge vyake vimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Mukunde alianza kusimulia habari ya shangazi aliyeamini tangawizi, kama walivyokubaliana nyumbani. Alipofika pale kidole kilipomwonyesha, alitazama kile kiti cha mbele. Akashusha maikrofoni.

"We Mukunde!" sauti ilipaa kutoka kiti cha mbele. "Usikate hapo! Malizia mpaka mkia!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa vicheko. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa shangazi.