Sifa Bila Mate

Dafroza alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumsifu Justina kwa vidole vyake vyepesi, mashine ya taipu ya Justina ikaanza kugonga. Taratibu, herufi mojamoja. Na wafanyakazi wote walikuwa wamesimama duara, wameshikana mikono, hakuna aliyekuwa mezani. Ndugu Ebenezeri, meneja, akasema ni panya, akaendelea na mambo yake.

Mambo yake yalikuwa yamewachosha watu wa shirika lile pale Moshi mjini. Kila akienda kozi anarudi na mtindo. Mara malengo, kila mtu atangaze malengo yake, hata mfagizi. Mara kuta zikabomolewa ili watu waonane, nao wakaonana mpaka wakachukiana. Safari hii ilikuwa duara: kila asubuhi umsifu kwa sauti mwenzako wa kulia, eti udugu ukue. Udugu gani huo wa kulazimishana?

Kulia kwa Dafroza ndiko alikosimama Justina. Dafroza alipiga taipu pale tangu Justina akiwa shule. Lukresia, mkuu wa wapiga taipu, alipostaafu, kila mtu alijua cheo chake ni cha Dafroza, mpaka akaja binti huyu mwenye sauti tamu ya simu, na meneja akawa hamwiti mwingine. Wivu ulimkaba Dafroza hata chai haikushuka.

Halafu kule kwao mlimani hakuna anayemsifu mtu kavukavu. Ukisema mtoto amenenepa au ng'ombe ana maziwa, unatema vijimate kidogo vya baraka, jicho lako lisije likabaki pale. Duara lilipoanza, Dafroza alitema. Ndugu Ebenezeri akamkemea kwamba ule ni ushamba na uchafu, tena mbele ya watu. Na meneja mwenyewe ni mtoto wa Old Moshi, mlimani kulekule, alitemewa mate hayohayo akiwa mchanga! Basi ndiyo asubuhi ile Dafroza akasifu bila mate, huku moyoni akiomba vidole vile vikauke.

Kufika mchana vidole vya Justina vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Ofisi ikanuka maganda ya kahawa yaliyooza, na msimu ulishapita. Nyuma ya shingo yake Dafroza akasikia mtu akishusha pumzi kwa kushiba. Aligeuka, hakuona mtu. Aliogopa, ndiyo, lakini alifurahi pia, na kesho yake akachagua mwenyewe: akaisifu sauti ya Justina, tena bila mate.

Sauti ikapotea siku hiyohiyo, binti akabaki anaonyesha kwa macho. Na Dafroza alipoingia stoo kuchukua karatasi, jua likiwa kali dirishani, akasikia nyuma ya rafu sauti ya Justina ileile ya simu ikisema "karibu, nikusaidie nini," ikinyamaza, ikisema tena, kila mara karibu zaidi, na ile harufu ya maganda ikimjia puani mpaka akaacha karatasi sakafuni akakimbia hadi barabarani bila kiatu kimoja.

Akapanda Kibosho kwa mama mkwe wake, Bibi Odilia, aliyekuwa akimlelea mwanawe mchanga na ambaye watu walimwita penye mambo yasiyotibika hospitali. Akamkuta amempakata mtoto.

"Shikamoo mama," akasema, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Marahaba. Hilo ni jini, na umelilisha mwenyewe," Bibi alijibu, naye akishusha sauti. "Halina macho. Linakula palipoonyeshwa na mwenye wivu. Kamsifu tena yule binti, uteme, na utamani kwa moyo wako wote awe na vidole vyake na sauti yake. Vitarudi."

"Na nikishindwa?"

"Limeshaonja, mwanangu. Halitakaa na njaa."

Asubuhi Dafroza alikwenda amejiandaa. Alipomtazama Justina, mikono imefungwa vitambaa, macho mekundu kwa kulia, huruma ya kweli ilimshika. Mate yalishajaa mdomoni. Akafungua mdomo, na hapohapo Ndugu Ebenezeri akainua mkono.

"Kabla ya sifa," alisema, "ndugu Justina ndiye mkuu wa wapiga taipu. Tutamngoja apone."

Watu wakapiga makofi. Justina akainamisha kichwa, akatabasamu kidogo. Tabasamu lile lilimchoma Dafroza kuliko maneno ya meneja. Hata ugonjwa haukumnyang'anya kitu! Akafunga mdomo, akayameza mate yote.

"Sina sifa leo," akasema.

Harufu ikaingia, nzito, watu wakaziba pua. Ndipo sauti ya Justina ikasikika katikati ya duara, tamu na safi, na wote wakamgeukia Justina, ambaye midomo yake ilikuwa imefumbwa na macho yamemtoka kwa hofu.

"Mimi namsifu dada Dafroza," ilisema. "Ana mtoto mzuri kule Kibosho. Amenenepa."

Dafroza akajaribu kutema. Mdomo ulikuwa mkavu.