Swali la Sita la Kibali cha Babu

Nyumbani kwao, karatasi yoyote yenye nafasi za kujaza ilikuwa kazi ya Chapchap. Mama yake alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na mikono yake haikuwa na nafasi. Babu yake, baba mzazi wa Mama, aliendesha malori ya safari ndefu kwa miaka thelathini na minne, na alidai kwamba simu zimetengenezewa watu wenye vidole vya panya. Kwa hiyo kila alasiri, akishavua viatu vya shule na kula, Chapchap alisoma ujumbe wa wateja, akaujibu, akalipia umeme, na kuangalia kama kitambaa cha bluu kimefika dukani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Chapchap alibandikwa na Babu, kwa sababu hakuna alichokifanya polepole. Hata kulala alilala upesi.

Kazi kubwa kuliko zote ilimjia Jumamosi moja, siku sita kabla ya safari.

Dada yake Babu, ambaye Chapchap alimwita Bibi Mkubwa, aliolewa ng'ambo ya mpaka zamani sana. Babu alipokuwa na lori alimpitia kila mwezi. Tangu astaafu, mwaka wa kumi na moja sasa, walikuwa wakiongea kwenye simu tu. Halafu macho ya Bibi Mkubwa yakaanza kuzimika. Jicho moja lilishapotea, na daktari alimwambia kwamba la pili halitamaliza mwaka. "Njoo nikuone," alimwambia Babu, "maana kukusikia nakusikia kila siku." Babu hakula chakula cha jioni siku ile. Kesho yake ikaamuliwa kwamba aende kwa siku nne, likizo fupi ikianza, na Chapchap amsindikize.

Kwa ziara fupi kama hiyo viza haikuhitajika. Lakini siku hizi nchi ile ilimtaka kila mgeni aombe kibali mtandaoni kabla hajafika mpakani. Babu alilipinga sana jambo hilo. Kama viza haihitajiki, ruhusa inaombwa ya nini? Mama akamjibu kwamba hata mgeni aliyealikwa hupiga hodi mlangoni.

Basi Chapchap akaketi mezani na simu ya Mama, pasipoti mbili kando yake. Alianza na fomu yake mwenyewe. Akapakia picha, akapakia barua ya Mama ya kumruhusu asafiri na babu yake, akafika kwenye maswali tisa ya Ndiyo au Hapana. Umewahi kufungwa gerezani? Hapana. Umewahi kutumia jina jingine? Hapana. Mtoto wa miaka kumi na miwili angeyafanya lini mambo yote hayo? Alipofika kwenye fomu ya Babu, kidole kilishaizoea njia. Hapana, hapana, hapana, mara tisa, wala hakuyasoma. Huko nje wenzake walishaanza kuruka kamba na walikuwa wakimwita.

Chini kabisa palikuwa na kisanduku kimoja chenye maneno: "Nimemsomea mwombaji maswali yote, na majibu haya ni yake." Babu alikuwa uani akivipiga rangi viatu vya safari. Chapchap akaweka alama ya vema, akabonyeza Tuma, akatoka mbio.

Jumatatu majibu yalikuja, vibali vyote viwili vimekubaliwa. Mama alivichapisha kwenye duka la jirani, na Babu akakikunja chake mara nne na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa na furaha ya mtoto.

Jumanne jioni walikuwa wakipanga nguo. Babu alikuwa na maneno mengi siku hiyo, na kila shati lilimkumbusha safari. Aliposhika shati la mistari alianza kucheka peke yake.

"Hili nililivaa siku waliyonirudisha mpakani," alisema. "Pale pale tutakapopita. Nilikuwa na lori zima la vitunguu. Nikageuzwa na mzigo wangu, na kabla mambo hayajanyooka vitunguu vilishachipua. Tajiri wangu akaniuliza kama ameniajiri udereva au ukulima."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Chapchap naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alichukua simu akaenda nayo chooni, akaifungua fomu ya Babu na kuyasoma maswali moja baada ya jingine. La sita lilikuwa hili: "Umewahi kukataliwa kuingia nchini au kurudishwa mpakani?" Na jibu lake lilikuwa pale, jeusi ti, Hapana.

Kuanzia hapo hakutulia. Kitandani alijigeuza kama chapati. Asubuhi alivaa soksi za rangi mbili. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie, na mguu wake ulitikisa dawati mpaka mwenzake akashindwa kuandika. Mwenzake huyo aliitwa Wakili, msichana aliyeweza kubishana hata na kengele ya shule. Wakati wa mapumziko Chapchap alimweleza yote.

Wakili alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu. Kibali kimetoka au hakijatoka? Kimetoka. Kuna mtu anayejua? Hakuna. "Basi usimwamshe aliyelala, utalala wewe," alisema. "Ukisema, kitafutwa. Halafu babu yako asipomwona dada yake, utamwambia nini?"

Hilo ndilo lililomchoma Chapchap, kwa sababu Wakili hakukosea. Basi liliondoka Ijumaa saa moja asubuhi, na hii ilikuwa Jumatano. Akinyamaza, huenda wangevuka salama. Au huenda ofisa angefungua kitabu chake na kumgeuza Babu tena, mzee mwenye mvi, mbele ya abiria wote, na angeonekana mwongo kwa uongo ambao hata hakuujua. Masomo yalipokwisha alirudi nyumbani mbio, akasimama mlangoni, akazunguka nyumba mara mbili, ndipo akaingia.

Babu alikuwa akiitia mafuta cherehani ya Mama, na Mama alikuwa akikata vitambaa. Chapchap alisema yote kwa pumzi moja, macho yakiwa sakafuni. Hata kile kisanduku cha mwisho hakukiruka.

Mama aliweka mkasi chini. "Kusahau swali ningekuelewa," alisema. "Lakini umeandika kwamba umemsomea. Umemsomea saa ngapi?"

Kisha Mama akamtazama baba yake, na hapo hata yeye akaanza kusitasita. Miaka imepita mingi, alisema. Nani anakumbuka habari za vitunguu? Labda waache tu, mzee aende akaonane na dada yake.

Babu alijifuta mafuta mikononi kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Ile hadithi naisimulia nusu," alisema. "Cheti changu cha chanjo kilikuwa kimekwisha muda. Ofisa aliniuliza, nami nikamwambia kipya kiko ofisini kwetu. Akapiga simu ofisini, akaambiwa hakuna cheti kipya. Kwa cheti kilichokwisha, wangenidunga sindano pale pale nikaendelea na safari. Walinirudisha kwa kusema uongo. Sasa mnataka nivuke mpaka ule ule kwa uongo wa pili? Leteni hiyo simu."

Waliitafuta namba ya msaada iliyoandikwa chini ya kibali. Walisubiri muziki uishe mara sita, na Chapchap alihesabu vigae vya sakafu ili asilie. Hatimaye akajibu mama mmoja mwenye sauti ya kazi, akauliza ombi lile lilijazwa na nani. Mama akamnyooshea Chapchap simu bila kusema neno.

"Nimelijaza mimi," alisema Chapchap. "Sikumsomea Babu maswali. Niliweka vema tu."

Yule mama hakumkaripia wala kumsifu. Alimweleza kwamba kibali kilichokwisha kutolewa hakisahihishwi. Kitafutwa, na mzee ataomba upya na kueleza kwa nini alirudishwa. Jibu laweza kuja baada ya saa chache au siku tatu, na kama litakuwa la kukubali au kukataa, yeye hawezi kuahidi. Kabla ya kukata simu alikifuta kile kibali wakiwa wanamsikiliza. Babu alikitoa kwenye mfuko wa koti akakitazama, akakikunja tena mara nne, akakiweka mezani. Hapo ndipo Chapchap alipolia.

Ombi la pili liliwachukua saa nzima na robo. Babu alitaka kila swali lisomwe mara mbili, na mengine aliyabishia. Alipoulizwa kama amewahi kusafirisha silaha, alitaka kujua kama spana kubwa imo. Vidole vya Chapchap viliwasha kwa kutaka kuruka mbele, lakini alivikalia. Kwenye nafasi ya maelezo Babu alitaja kila kitu, cheti kilichokwisha na uongo uliofuata. Mama alinong'ona kwamba la uongo hawakuliuliza. Babu akasema wameuliza sababu, na hiyo ndiyo sababu.

Alhamisi ilipita bila jibu. Chapchap alifungua barua pepe asubuhi, mapumziko alimwomba mwalimu ruhusa ya kumpigia Mama, na jioni alishika simu mpaka ikapata moto. Babu naye alikuwa hatulii. Alikagua magurudumu ya baiskeli ya jirani, kisha ya mkokoteni wa muuza maji, kisha akarudi kwenye baiskeli. Hakumlaumu Chapchap hata mara moja, na hilo lilimwuma kuliko kulaumiwa.

Ijumaa saa moja asubuhi basi liliondoka bila wao. Mkata tiketi alikubali kuzihamishia kesho yake, mara moja tu, akawaonya kwamba hakuna mara ya pili. Walipofika nyumbani simu ikalia. Alikuwa Bibi Mkubwa, akitaka kujua wamefika wapi. Babu akampa Chapchap simu. "Habari hii ni yako," alisema.

Chapchap alimwamkia, akamwambia kwamba hawajaondoka, na kwamba ni kwa sababu yake. Bibi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi jicho langu lina haraka, si masihara. Lakini mlete huyo ndugu yangu kwa mlango wa mbele. Nikimwona siku moja pungufu nitavumilia. Nikisikia amewekwa mahabusu sitavumilia."

Jibu lilikuja saa tisa alasiri. Mama alikuwa ameinamia cherehani, na Babu amesinzia kwenye kiti kwa uchovu wa mawazo. Chapchap hakupiga kelele. Aliisoma barua kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akalinganisha jina na namba na pasipoti ya Babu, tarakimu kwa tarakimu, akarudia tena. Ndipo akamgusa Babu begani. Kibali kilikuwa kimekubaliwa.

Kesho yake alasiri walisimama kwenye foleni ya mpakani, katika ukumbi mrefu wenye feni mbili na sakafu iliyochakaa kwa viatu. Chapchap alikuwa amejiandaa. Alikuwa na barua ya Mama, vibali, namba ya yule mama wa simu, na maneno ya kumtetea Babu ambayo alikuwa ameyakariri njia nzima. Ofisa alichukua pasipoti, akatazama kompyuta, akauliza watakaa siku ngapi. Babu akasema tatu. Muhuri ukagonga mara mbili, wakaambiwa wapite.

Ilikwisha kabla Chapchap hajameza mate. Walipoketi kwenye benchi upande wa pili, wakisubiri basi livuke, alishindwa kujizuia. Alisema kwamba ofisa hakuuliza chochote. Labda asingeuliza hata kwa kile kibali cha kwanza. Wamepoteza siku nzima ya Bibi Mkubwa bure.

"Labda asingeuliza," Babu alikubali. "Lakini mara ile ya vitunguu, foleni nzima nilikuwa najitungia maneno. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu, na sikumbuki hata sura ya aliyekuwa mbele yangu. Leo nimesimama nikiwaza chai tu. Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu, na fupi hiyo hiyo huipiti kwa raha. Ukiweka alama kwamba umesoma, uwe umesoma. Ukiharibu, sema mapema, kama ulivyosema wewe. Siku moja tumeilipa, ni kweli. Lakini mimi sidaiwi kitu na mtu."

Mguu wa Chapchap, ambao ulitikisika tangu Jumanne, ulikuwa umetulia.

Bibi Mkubwa aliwasubiri mlangoni, ameshika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja. Hakusalimia. Alimshika Babu mashavu yote mawili, akamgeuza uso kuelekea kwenye mwanga, akamsogeza karibu na lile jicho lililobaki mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama muda mrefu, paji la uso, mvi, pengo la jino, bila kupepesa.

"Umezeeka vibaya," alisema mwishowe, machozi yakimtiririka. "Usisogee. Sijamaliza."