Sufuria ya Mbegu Mama

Makopo yalikuwa yamepangwa rafuni, vifuniko vimekazwa. Ndani hamkuwa na hata punje.

Inspekta aliinama kukagua kufuli la ghala. Mgongo ulimuuma. Kufuli halikuwa na mkwaruzo.

"Yalikuwa maharage tu?"

"Mbegu mama!" mtafiti mzee alifoka. "Zamani nchi nzima ilipanda mbegu za shamba hili. Sasa ni magofu. Zilibaki hizi tu, za michirizi myekundu, nilizozizalisha mwenyewe maisha yangu yote."

"Zilipakwa dawa?"

"Hizi hazipakwi."

"Ufunguo?"

"Nalala nao chini ya mto."

Inspekta alishusha pumzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwacha fundi wa alama za vidole na makopo yake, akajikokota hadi nyumba ya mtafiti, nyuma ya ghala.

Mke wa mtafiti alimkaribisha jikoni. Juu ya ungo zilibaki punje chache zilizochambuliwa na kutupwa kando: mbovu, zenye michirizi myekundu.

"Hizi umenunua wapi, mama?"

Mama alijifuta mikono, taratibu. "Haziuzwi popote, mwanangu. Unajua."

"Nyingine?"

"Tulizila jana. Zilizosalia zimo sufuriani."

Inspekta akavuta kiti bila kuambiwa. "Utakayosema yanaweza kutumika mahakamani."

"Yatumike. Nimeishi na mke mwenza, mwanangu, naye ni maharage. Tulipomzika binti yetu, mume wangu aliondoka kaburi halijafukiwa. Aliwahi shambani kuchavusha, maua yasimpite."

Inspekta hakuandika kitu.

"Huyu mtu anazijua punje zake hata gizani. Nikasema, nitampikia. Nilimpakulia, nikakaa mbele yake. Nilitaka ainue macho tu, aniulize, 'Mke wangu, umefanya nini?'"

"Akasema nini?"

"Chumvi haitoshi."

Mlango ulilia. Mtafiti alikuwa amesimama kizingitini, na uso wake ulionyesha amesikia yote. Mama alinyanyuka, akamgeukia, akangoja.

Mzee alimpita. Alifunua sufuria, akatumbukiza vidole kwenye mchuzi uliopoa, akaanza kupekua punje moja moja, akitafuta hata moja ambayo haikuiva.

Mama alimtazama kidogo, kisha akavaa viatu.

"Twende, mwanangu," alisema. "Hatajua kama nimeondoka."