Waipa za Morisi Hazilazwi

Mume wangu Msellem ana ugonjwa wa magari ya kale. Mpe gari jipya, atalitengeneza huku anapiga miayo. Mletee kopo lililokuja kisiwani kabla yeye hajazaliwa, basi hata chakula hali. Gereji yake iko hapa hapa Konde, ubavuni mwa nyumba yetu, na mie napika maandazi mbele yake. Kwa hiyo haya nitakayowaambia sikuhadithiwa, nimeyaona kwa macho yangu. Asiyeamini asiamini, mie nimeshachoka kuapa.

Asubuhi moja mvua ya masika ilikuwa imetulia kidogo. Suhail akaja na Morisi ya marehemu baba yake, Mzee Ngwali wa Makangale. Gari dogo la mviringo, rangi ya maziwa, limetunzwa mpaka unaona haya kuligusa. Dada yake Suhail, Khairat, alikuwa anaolewa huku kwetu Konde, na kaka mtu alitaka biharusi aletwe kwa gari la baba yao. Khairat mie ndiye niliyekuwa somo wake. Nilimfunda mwenyewe, na nilimpenda kama niliyemzaa.

Tatizo la gari lilikuwa waipa. Mota yake ya zamani ilikuwa na mwendo mmoja tu, tena wa kikongwe. Mvua ikikaza, dereva anaendesha kwa kubahatisha. Halafu ukizima swichi, waipa zinasimama papo hapo zilipofika, hata kama ni katikati ya kioo.

"Mota n'nayo ya kisasa," Msellem akamwambia, macho yanamng'aa. "Nimeitoa kwenye gari bovu. Ina mwendo wa pole na wa kasi, na ukizima, waipa zenyewe zinakwenda kulala chini ya kioo."

Akaanza kazi. Mota mpya ilikuwa pana kuliko nafasi yake, akakata kipande cha chuma kuishikilia. Akaijaribu. Waipa zikagongana. Akalegeza nati, akasogeza mkono mmoja wa waipa meno mawili, akakaza, akajaribu tena. Mara zinagonga boneti, mara zinapita ukingo wa kioo. Mchana kutwa anazungumza na lile gari, na mie mkewe nikimwita hanisikii.

Alasiri akaja Bi Mwanabaraka, mama yake Khairat. Mwanamke mpole, hapandishi sauti hata kuku akiingia jikoni. Aliposikia waipa zitakuwa zinalala, akamshika Msellem mkono.

"Mwanangu, hizo hazilazwi."

Akatueleza kwa kunong'ona, kama anaogopa gari lenyewe litasikia. Mumewe alifuatwa na kitu ndani ya msitu wa Ngezi, zamani, mvua inanyesha. Kitu hicho kikamng'ang'ania mpaka kwenye kioo cha gari. Mganga akakifungia humo humo kiooni, akakiwekea kago. Kago ndiyo ile kinga wanayotega watu kwenye minazi na mikarafuu yao, na haiondolewi ila kwa ruhusa ya aliyeiweka. Mganga mwenyewe alishakufa. Sharti lake lilikuwa moja: waipa zisimame wima kila zinapozimwa, kama mtu aliyezuia mlango. Mzee Ngwali maisha yake yote alizima swichi zikiwa wima, na hakukosea.

Suhail akacheka. Msellem hakucheka, mkubwa anaheshimiwa. Akamwambia, "Usitie shaka, Bi. Upo waya mmoja unaozilaza. Nitaukata, dereva atazizima mwenyewe zikiwa wima."

Na akaukata mbele yetu. Bi Mwanabaraka akamwombea dua, akaenda zake.

Sasa ngojeni niwaambie upumbavu wa mafundi. Siku ya pili nikamkuta mume wangu kajikunja chini ya dashibodi, anaunga ule waya.

"We Msellem! Si umemwahidi mama wa watu?"

"Nyamaza, mke wangu. Watu wa harusi wataziona zimesimama katikati ya kioo kama mikono ya mwehu. Watasema Msellem hakuweza kuzirekebisha. Na nani atabahatisha kuzizima zikiwa wima njiani, mvua yote hii?"

Nilimtukana. Akaendelea kufunga utepe. Ufundi wake aliuona mkubwa kuliko kago la watu.

Siku ya harusi tulitoka Makangale mchana, mvua inamwagika. Suhail kwenye usukani, Msellem pembeni yake anasikiliza mota kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma. Nyuma mie na Khairat. Msichana kapambwa, kajaa udi na asumini, na hina imemkolea mikononi mpaka kwenye viwiko. Maua na majani, kazi ya siku nzima. Nilimshika mkono. Ulikuwa unatetemeka kidogo, akacheka, akanambia, "Somo, n'naogopa." Nikamwambia hakuna aliyeolewa asiogope.

Waipa zilikuwa zinakata maji vizuri, hilo sitalikataa.

Tulipoingia Ngezi miti ikatufunika. Mvua ikakatika. Ikakatika ghafla, kama mtu kafunga bomba. Suhail, bila kuwaza, akazima swichi.

Waipa zikapanda mara moja. Zikashuka polepole. Zikalala.

Msellem akatabasamu.

Gari likazama upande wa nyuma, kama kapanda mtu mnene. Suhail akasema, "Pancha?" Ndani kukawa na harufu ya majani yaliyooza. Kioo cha mbele kikafunga ukungu, na ukungu ule ukawa unakuja na kuondoka. Unakuja. Unaondoka. Mtu anapumua.

Khairat akaninong'oneza, "Somo, sogea."

"Nisogee wapi, mwanangu?"

"Nani huyu kakaa huku?"

Nikatazama. Upande wake wa pili hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea.

Nilipiga ukelele. Msellem akafungua mlango kabla gari halijasimama. Akazishika waipa kwa mikono miwili, akazinyanyua kwa nguvu zake zote. Meno ya mota yakalia. Zikasimama wima. Papo hapo gari likawa jepesi, harufu ikaondoka, mvua ikarudi kama kawaida.

Khairat alikuwa ameketi kimya, anatazama mbele. Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu, ila hautetemeki tena. Nikasema alhamdulillahi, tumesalimika. Nilisema hivyo kwa sauti.

Tulipofika, wanawake wakapiga vigelegele, wakamshusha. Nikamfunua ukaya. Nikamtazama mikono.

Haikuwa na hina. Hata ukucha mmoja. Myeupe kama ya mtu asiyepata kupakwa hina maishani mwake.

Wenzangu wakasema imeoshwa na mvua. Hina iliyokolea inaoshwa na mvua? Mie nikanyamaza, maana biharusi alikuwa ananitazama, na alikuwa ananichekea.

Bi Mwanabaraka alikuja kumwamkia mwanawe fungate ilipokwisha. Alikaa naye kidogo tu. Alipotoka uso wake ulikuwa umesawijika. Hakwenda nyumbani, alikuja gerejini moja kwa moja, akasimama mbele ya Morisi, ambayo Suhail aliiacha kwetu tangu harusi.

"Yule si mwanangu," alisema. "Kanijibu salamu zote, lakini si mwanangu."

Kisha akatuonyesha kioo cha mbele. Wallahi nilikuwa nimepita hapo mara ngapi sikuona. Viganja viwili, vimebandikwa kiooni, na hina yake, maua na majani. Kazi niliyoisimamia mwenyewe. Msellem akavikwangua kwa wembe kwa nje. Havikutoka. Akavikwangua kwa ndani. Havikutoka. Vilikuwa katikati ya kioo.

"Kile kimetoka," alisema Bi Mwanabaraka, "na mwanangu ndiye aliyefungiwa. Zilaze, Msellem. Nimtoe."

Mume wangu alilia kama mtoto. "Bi, nikizilaza atatoka nani? Na ataingia nani?"

Alikataa. Akaitoa betri, akakata kila waya. Bi Mwanabaraka hakugombana naye. Akawa anakuja tu, anakaa kwenye kiti cha nyuma, anazungumza. Anasimulia mikarafuu imechanua, paka kazaa, nani kaolewa. Baada ya muda mie nikawa siogopi tena, nampelekea chai.

Ijumaa moja wanaume walikwenda msikitini. Alikuja pale ninapopika maandazi, kavaa nguo ya sikukuu. Akanipa mkono, akaniomba radhi kwa yote. Nikamuuliza, "Bi, unataka kumtoa?"

"Nani kakwambia? Akitoka yeye patahitajiwa mwingine, na mwingine huyo atakuwa mtoto wa mtu. Mie nataka tu asikae peke yake."

Kabla sijafunga mdomo alishaingia gerejini, akazishika waipa, akazilaza. Akaingia nyuma. Akafunga mlango taratibu, kama anayechelea kumwamsha aliyelala.

Nilikimbia. Naapa nilikimbia. Kabla sijafika waipa zikanyanyuka zenyewe, bila betri, bila waya, zikasimama. Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Na kioo kilikuwa kitupu, hakina viganja wala alama yoyote.

Polisi walikuja, wakatafuta msituni, wakatafuta pwani. Suhail alihama, hasemi na mtu. Mume wangu hatengenezi tena magari, anauza mkaa. Na yule aliyeko kwa mumewe, mie ndiye niliyempelekea habari kwamba mama hayupo. Alikuwa anatandika kitanda. Hakulia, wala hakugeuka. Alisema tu, "Kumbe panatosha wawili."

Morisi iko hapo nyuma, tumeifunika turubai. Hakuna anayeitaka. Juzi mvua ilinyesha kutwa, baridi mpaka kwenye mifupa. Nilipenyeza mkono dirishani, nikagusa kiti cha nyuma.

Kilikuwa na joto. Pahala pawili, karibu karibu, kama wanavyokaa watu wanaoegemeana.